Niliwaandikia Wote Wawili

Taipureta yangu nimeiuza juzi kwa bwana mmoja wa Malindi mwenye mkahawa. Nilidhani ana kazi nayo, nikamweleza kwa makini kwamba herufi ya R hukwama ukiigonga kwa hasira. Akaniambia haidhuru, hakuna atakayeigonga. Ataiweka juu ya rafu wageni waipige picha. Miaka yote hiyo nimeiinamia mashine hiyo mpaka shingo ikapinda, leo imekuwa pambo la watu wanywa kahawa. Nikapokea changu nikaondoka.

Nyinyi wasichana mliokichukua chumba changu pale Garsen mkakijaza kompyuta, mmeniomba niwaachie maneno mawili matatu kuhusu kazi. Haya, nawaachia. Msitarajie niwaambie nilipata kiasi gani. Mkitaka kujua, itazameni nyumba yangu, mabati yake yatawajibu. Nitawaeleza nilivyoanza, kisha nitawaeleza kosa moja nililolifanya huku nikijua kabisa ni kosa. Na nyinyi mtalifanya, tena upesi kuliko mimi, maana mashine zenu zina mbio.

Kazi nilifundishwa Hola na Mzee Komora, Mpokomo wa Ndera, aliyekuwa karani zamani, akastaafu akaweka meza na taipureta kwenye baraza la duka sokoni. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Lamu kwa ndoa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na siku moja lori likanirudishia maiti. Nilihitaji kazi ya kukaa kitako. Mzee Komora alinitazama vidole kwanza, kabla hajanitazama uso. "Vidole unavyo," akasema. "Mdomo je?" Nikamjibu ninao. "Huo ndio utakaokuletea taabu."

Siku yangu ya kwanza alinikabidhi bibi mmoja aliyetaka kumwandikia mwanawe aliyeko Nairobi atume mabati. Mimi nimelelewa katika nyumba ya tenzi, nyanya akisoma nasi tukimsikiliza mpaka tukalala palepale mkekani. Basi nikajaza ukurasa mzima: machozi, mvua, upepo unavyoingia kwenye paa lililo wazi. Mzee Komora akamsomea bibi kwa sauti, kwani barua lazima isomwe kabla ya kutiwa alama ya kidole. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mabati?" Nilikuwa nimesahau mabati.

Mzee Komora alikuwa na kanuni tatu. Ya kwanza, msomee mteja mara mbili. Ya pili, mpe nakala ya kaboni hata kama haitaki. Ya tatu, usiandike barua kisha ukaandika na jibu lake. Ukimwandikia anayeuliza, anayejibu mpeleke kwa mwandishi mwingine. Nikamuuliza kwa nini. "Kwa sababu utajibiwa unavyotaka wewe," akasema, akaendelea kuchonga penseli yake. Mimi nilidhani ni maneno ya uzee tu.

Nilipohamia Garsen sikuwa na mwandishi mwenzangu wa kumpelekea mtu. Nilikuwa peke yangu, chumba kimoja karibu na stendi, mlango wa mbao uliokuwa ndio ubao wangu wa matangazo. Vumbi liliingia kwenye herufi kila siku, nikalisugua kwa mswaki uliochakaa. Joto lilikausha utepe, nikautia tone la mafuta ya taa na kuufunika usiku kucha kwa kitambaa. Barua zangu zote zilinuka mafuta ya taa. Wapokeaji wa Tana nzima walijua harufu ya Bi Nuru kabla hawajafungua bahasha.

Wateja walinitia adabu. Mzee mmoja wa Kiorma, mfugaji, alikuja kumwandikia nduguye aliyeko Garissa. Akasema, "Andika: ng'ombe iko. Majani iko kidogo. Mama naumwa mguu." Hayo tu. Mimi nikatia salamu, nikatia dua, nikatia jinsi nyika ilivyokauka. Nilipomsomea akaniuliza kwa upole, "Mama, hapa nani nasema?" Nikamwambia ni yeye. Akatikisa kichwa. "Mimi nasema maneno kidogo. Ndugu yangu nasoma hii, nafikiri mimi nagonjwa kichwa." Nikachomoa karatasi nikaandika upya mistari mitatu, na mpaka leo sijaona barua iliyo bora kuliko hiyo.

Lakini nilikuwa na langu moyoni, na nitalisema wazi ili msihangaike kulitafuta. Nilitaka mtu. Mume sikuwa namkataa akija, lakini hasa nilitaka mtu wa kumwambia ubeti akanijibu ubeti, mtu mmoja tu. Nilijiambia kwamba Garsen hayupo. Garsen kuna wauza miraa, kuna madalali wa ng'ombe, na kuna watumishi wa serikali wanaosubiri uhamisho. Nilikuwa na kiburi, wallahi. Miaka kumi na mmoja nimeketi pale nikiamini kwamba kutoka mtoni hadi baharini mimi ndiye mtu wa mwisho aliyebaki na vina kichwani.

Basi ndipo akaja Rajabu. Ilikuwa ule mwaka uliofuata mafuriko makubwa ya mwishoni mwa miaka ya tisini, barabara ndiyo kwanza imepitika. Alikuwa ofisa wa idara fulani, siitaji, miaka thelathini na mitano, mtanashati, tai shingoni katika joto lile la kuchemsha mayai. Alisema ametoka Mombasa. Baadaye tulijua ametoka kijiji cha mbele ya Voi, na Mombasa alipita akiwa njiani kuja kwetu.

Rajabu alikuwa na kaseti nne za muziki wa fidla wa Ulaya, na kwa kaseti hizo alikuwa ameunda jumuiya. Niliwachapia barua ya kujitambulisha: Jumuiya ya Wapenda Sanaa Adhimu, Garsen. Wanachama walikuwa watatu: yeye, mwalimu mmoja wa sekondari, na meneja wa gesti yenye jenereta. Meneja walimpokea kwa ajili ya jenereta. Kila Jumamosi alasiri walikutana gesti, wakafumba macho, wakasikiliza fidla. Nilipita siku moja kupeleka karatasi zao nikamkuta mwalimu anakoroma. Rajabu akanifanyia ishara ya kidole mdomoni, nisimkatize mwenziwe katika tafakuri.

Siku moja akaja dukani kwangu amejipulizia manukato. "Bi Nuru," akasema, "mimi hapa nakonda. Marafiki zangu wote wakikutana ni posho, uhamisho na nyama choma. Nataka mke ambaye tutaelewana kwa mambo ya juu." Akaniamuru nichape tangazo la kubandika mlangoni, lisitaje jina lake: bwana mstaarabu, mwenye ladha za juu, anatafuta mwenzi wa maisha apendaye mashairi, muziki wa fidla na mazungumzo ya kina, wapenda porojo wasijisumbue, majibu yapitie kwa Bi Nuru.

Sasa jamani nitazameni. Nimeketi mbele yake, hatua moja, mjane wa miaka arobaini na mmoja, nachapa neno "mashairi" na moyo unanienda mbio. Nikajipa ujasiri. Nikatamka ubeti mmoja wa nyanya yangu, polepole, kama mtu anayejisemea. Rajabu akainua kichwa. "Tamu sana hiyo," akasema. "Inapatikana kwenye kaseti?" Halafu akaniuliza kama nimeweka nukta baada ya "wasijisumbue". Nilikuwa nimeweka.

Majibu yalikuja, na mengine ninayakumbuka mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni nacheka. Fundi baiskeli aliandika kwamba yeye ni mwanamume, ana mke, lakini mazungumzo ya kina anayapenda, hasa ya mpira. Mama mmoja wa Minjila alisema mashairi hayajui ila ana mbuzi sita na ladha ya kutosha. Mwingine aliandika kwa niaba ya binti yake bila binti kujua. Dalali wa ng'ombe alitaka kufahamishwa fidla ni mnyama gani na anakula nini. Rajabu alizisoma barua hizo akizishika kwa ncha za vidole viwili. "Unaona, Bi Nuru?" akasema. "Unaona ninachokabiliana nacho hapa?"

Wiki ya tatu akaingia Mwanajuma. Huyu alikuwa binti wa Kau, kule karibu na mto unapoingia baharini, na pale Garsen aliuza katika duka la dawa. Msichana wa miaka ishirini na minane, mcheshi, mikono haitulii. Akalisoma tangazo mlangoni mara mbili, akaingia akafunga mlango.

"Bi Nuru, nataka kumjibu huyu bwana. Nijibie."

"Wewe unajua mashairi?"

"Hata kidogo."

"Fidla je?"

"Ndiyo nini?"

"Sasa unamtakia nini, mwanangu?"

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akavuta buibui magotini. "Dada zangu wawili wameolewa," akasema, "na wote wawili wanapigwa. Mmoja hana jino hili la mbele. Nimewaza, mtu anayekaa kutafuta mke mpenda mashairi, huyo hatanipiga."

Nilipaswa kumwambia aende Hola kwa Mzee Komora. Ndiyo kanuni. Nilijipa udhuru kwamba Hola ni mbali, barabara mbovu, msichana hawezi kuacha duka. Huo ni udhuru. Ukweli ni kwamba miaka kumi na mmoja sikuwa nimeulizwa jambo ninalotaka kulijibu, na sasa swali lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wangu mwenyewe. Nikaingiza karatasi mbili na kaboni katikati. "Sema unalotaka," nikamwambia. Akasema, "Mwambie sijambo." Nikamwandikia beti sita.

Rajabu alizisoma mara tatu. Hakuelewa nusu yake, lakini alitambua kwamba ni kitu kikubwa, na jambo lililomshtua ni kwamba sasa itabidi ajibu. Akaja dukani jasho linamtoka. "Bi Nuru, mimi nitakupa fikra, wewe utie chumvi kidogo." Fikra aliyonipa ilikuwa kwamba amefurahi. Nikatia chumvi. Barua ya pili hakunipa hata fikra; alisimama mlangoni akasema, "Unajua cha kuandika." Na kweli nilijua. Ubeti wa kwanza ulianza hivi:

Moyo wangu una kiu, wala si kiu ya maji,
Nimekesha sikukuu, peke yangu kwenye mji.

Miezi saba, wasichana. Jumatatu nilikuwa Rajabu, Alhamisi nilikuwa Mwanajuma. Nilikuwa nikichapa ubeti wa Jumatatu mchana, na jioni nikipika nishaanza kuwaza huyo mwanamke atanijibu nini, kana kwamba simjui. Nilinunua sabuni ya kunukia. Nilianza kuimba nikifagia. Watu wa stendi wakasema Bi Nuru kapata bwana, nami sikuwakanusha. Wateja wenye shida za kweli, watu wa mashamba yaliyosombwa na maji, watu wa vyeti vya kuzaliwa, niliwachapia haraka haraka ili niwahi zamu yangu. Nyani haoni kundule: mimi niliyemcheka Rajabu kwa kufumba macho kwenye fidla, nilikuwa nimefumba yangu kwenye taipureta.

Kila mmoja wao kwa wakati wake aliniomba jambo moja. Rajabu alisema, "Bi Nuru, asijue kamwe. Yule mwanamke ni bahari ya elimu, atanidharau." Mwanajuma alisema, "Bi Nuru, nakuomba kwa Mungu, asijue. Bwana yule ni msomi, ataniacha." Niliwaapia wote wawili.

Ikafika siku wakataka kuonana. Niliwakutanisha dukani, nikawaachia chai, nikaenda nyuma ya pazia. Palikuwa kimya mpaka nikadhani wameondoka. Kila mmoja alikuwa anaogopa mwenziwe asije akaanza mashairi. Mwishowe Mwanajuma akauliza kama chai ina sukari. Rajabu akasema ipo. Kisha, sijui ilitokeaje, wakaingia kwenye habari za mieleka, ile waliyokuwa wakionyesha kwenye video pale mjini. Kumbe wote wawili walikuwa hawakosi. Wakabishana nani alimwinua nani akamtupa nje ya kamba. Rajabu akasimama kuonyesha, akaangusha kikombe changu. Walikaa saa mbili. Fidla haikutajwa, shairi halikutajwa. Wiki mbili baadaye Rajabu akapeleka posa Kau.

Mimi nilialikwa pande zote mbili. Tulipanda gari mpaka Kipini, tukavuka kwa mtumbwi kupanda mto, nami njia nzima nimekunja uso. Kau kwangu ilikuwa samaki na mbu. Nilikuwa nimevaa leso mpya na nimejiandaa kuwavumilia watu wasio na ladha. Nilikuwa na huzuni pia, semeni msemavyo. Wakishaoana hawa, barua zimekwisha, na mimi nimerudi kwenye vyeti vya kuzaliwa.

Nikaha ilifungwa msikitini baada ya alasiri. Kisha bwana harusi akaletwa nyumbani kwa bi harusi na wanaume wenzake, na kama ilivyo desturi pwani, akakuta mlango wa chumba umezuiwa. Aliyeuzuia ni shangazi aliyemlea Mwanajuma, Bi Mwanaesha, mwanamke mwembamba mkavu, jicho moja limeingia mtoto wa jicho, hajakanyaga shule hata siku moja. Desturi ni bwana harusi atoe kitu ndipo afunguliwe. Rajabu alikuwa amejitayarisha. Akatoa noti, akatabasamu.

"Rudisha mfukoni," Bi Mwanaesha akasema.

Rajabu akaongeza.

"Hata ukiongeza mpaka jioni. Huu mlango leo haufunguki kwa fedha. Tumeletewa mshairi. Barua zake Mwanajuma amenisomea zote, na majibu amenisomea kwenye kaboni. Nataka ubeti mmoja kwa mdomo wa bwana, na bibi amjibu huko ndani. Hapo mimi nitajiondokea."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wanaume wakashangilia, "Mshairi! Mshairi!" Rajabu akageuka rangi. "Shangazi, tafadhali pokea tu," akasema, akimsogezea noti. Sijawahi kumwona mtu akibembeleza apokewe pesa namna ile. Akaanza kuangaza macho katika watu mpaka akaniona. Nilikuwa nimekaa chini karibu na mlango, pamoja na wanawake wa nyumba. Macho yake yalikuwa yanalia. Na wakati huohuo nikasikia kutoka ndani mtu anakohoa, kikohozi cha uongo, mara tatu. Mwanajuma naye ananiita.

Maneno nilikuwa nayo, yako ulimini. Ningenong'ona mstari mmoja huku na mmoja huku, mambo yangekwisha, ndoa ingepona, na siri ingebaki. Nikawaza. Nikinong'ona, hawa wawili wataishi wakiogopana maisha yao yote, kila mmoja akijificha kwa mwenziwe, na kila kukicha nitaitwa mimi. Na nisiponong'ona, huenda huyu bwana akageuka hapa mlangoni akaondoka, na binti wa watu akabaki na hina mikononi. Tamaa ilikuwa inaniambia nong'ona, nong'ona, upate miezi saba mingine. Nikainamisha kichwa nikatazama sakafu.

Noti zikarudi mfukoni. Kisha Rajabu akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, sauti ya mtu wa Voi:

"Shangazi, mimi sijui shairi. Hata moja sijui. Zile barua zote kaandika Bi Nuru. Na ile fidla inanipa usingizi, naisikiliza ili watu wanione. Mimi napenda mieleka, na nampenda Mwanajuma. Kama haitoshi, basi."

Halafu kutoka chumbani likapasuka cheko, cheko la mtu aliyekuwa amebanwa pumzi miezi saba. "Mfungulieni!" Mwanajuma akapiga kelele. "Mfungulieni mume wangu! Na zangu kaandika yeye huyohuyo!"

Nyumba ikalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mlango ukafunguliwa, Rajabu akaingia akijipiga kwenye kizingiti kwa haraka, na kwa taarifa yenu, hawa wana watoto wanne na sijasikia hata siku moja kwamba kamwinulia mkono. Lakini mlango ulipofungwa nyuma yake, macho yote yakanigeukia mimi.

"Kwa hiyo," mwanamke mmoja akasema taratibu, akihesabu kwa vidole, "huyu alikuwa anajiandikia, kisha anajijibu?"

"Alikuwa anajiposa!"

"Na akajikubali!"

"Haya, mleteeni naye bwana arusi!"

Wakacheka upya. Mimi niliyekuja kuwavumilia. Nilicheka nao mara moja, kwa aibu, kisha machozi yakanitoka mbele yao wote. Nikainuka kutafuta viatu vyangu. Nilitaka mtumbwi, nilitaka kurudi, nilitaka kufunga lile duka na kwenda mahali ambapo hapana mtu anayejua kusoma.

Mkono ukanikamata kifundo, mkono mkavu kama kuni. Ni Bi Mwanaesha. Yeye hakuwa amecheka. Akanikokota mpaka ukumbi wa nyuma, akaniketisha mkekani, akakaa mbele yangu karibu sana kwa sababu ya lile jicho.

"Miezi saba," akasema, "nangoja nimwone huyu mwanamume. Mlango niliuzuia kwa ajili yangu, si kwa desturi. Nilitaka kusikia sauti yake. Tangu mume wangu afe sijajibizana na mtu hapa. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, Shangazi. Nisamehe."

"Ya kusameheana baadaye. Kwanza nina ugomvi nawe." Akafumba macho akasoma kwa moyo, bila kukosa hata silabi moja:

Hiyo kiu naijua, nami kwangu imekaa,
Mtungi nauinua, kumbe ndani una njaa.

Akafumbua. "Wewe ulisema hivi?"

Nikasema ndiyo, na hata katika aibu yangu niliinua shingo kidogo. Ndio ubeti nilioupenda kuliko zote. Nililia nilipouchapa.

"Mbaya," Bi Mwanaesha akasema.

"Mbaya vipi?"

"Mtungi unaona njaa tangu lini? Mtungi ni mtupu au umejaa. Umeanza na kiu, umefika njiani kiu imekushinda, ukatwaa njaa ya jirani. Hiyo njaa ni yako mwenyewe, mwanangu, ukaona haya kuisema, ukamsingizia mtungi."

Nilikasirika! Jamani, nilikasirika mpaka machozi yakakauka. Nikamwambia hajui anachosema. Nikamtetea mtungi wangu kwa nguvu zangu zote. Akanijibu. Nikamjibu. Akanipiga kwa ubeti wa mama yake, nikamrudishia wa nyanya yangu, akasema wa nyanya yangu umevunjika mgongo katikati, nikamwambia amkome nyanya yangu. Walituletea sinia la pilau likapoa mbele yetu. Wanawake walichungulia mlangoni wakidhani tunapigana. Nilikuwa nimeketi Garsen miaka kumi na mmoja nikiwadharau watu wote, na mtu niliyemtaka alikuwa Kau muda wote huo, amekaa anakasirishwa na mimi.

Tulipochoka akasogeza sinia. "Sasa sema la kwako," akasema. "La Rajabu nimelisikia, la Mwanajuma nimelisikia. La Nuru."

Nikafungua mdomo. Nimeandikia watu wa Tana nzima, wenye mabati na wasio na mabati, wapenzi, wagomvi, wadai na wafiwa. Nikatafuta la kwangu. Halikuwepo.

"Basi kaa mpaka lije," Bi Mwanaesha akasema, akaanza kula.

Nilikaa. Kule Garsen mlango ulifungwa na wateja wakanitukana, na walikuwa na haki. Lilikuja siku ya tatu asubuhi, tukipepeta mchele. Nikamwambia. Akasikiliza mpaka mwisho, ungo umesimama mikononi mwake, kisha akalikataa.